Msoma Mita

Kazi yangu kusoma. Si gazeti, si msahafu:
nasoma tarakimu za joto
kwenye vyuma vya ukutani vya watu wasiojua jina langu,
kila Februari, ghorofa kwa ghorofa,
viatu nimevivisha mifuko ya plastiki
nisije nikachafua zulia la mtu.

Jengo la Mtaa wa Wafumaji lina ghorofa saba.
Lifti ilikufa kabla ya Krismasi.
Pamebandikwa karatasi: Tunaomba radhi.
Nani anayeomba? Haikutiwa saini.

Ghorofa ya sita, Bwana Zschoche.
Miaka kumi na tisa aliunda mashine za kufuma soksi
katika kiwanda kilichouzwa kwa marki moja
kikafungwa kabla wino wa risiti haujakauka.
Bendera ipo kwenye roshani, mpya,
mikunjo ya dukani haijanyooka.
"Napanda na viazi vyangu," anasema, "napumzika kila kituo.
Kodi imepanda ikanipita, wala haikuhema."
Nani kaipandisha?
Ananyoosha kidole chini, kwenye sakafu:
"Hao. Tangu walipokuja hao."

Ghorofa ya tano, hao.
Bi Nawras wa Deir ez-Zor, na Yazan, mwanawe,
anayefanya hesabu za sehemu akiwa ndani ya koti.
Cheti cha Kijerumani, daraja la pili,
kimetiwa fremu kama picha ya marehemu.
Chai napewa kabla sijavua kofia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila humu sijui nani kati yetu ni nani,
na hakuna aliyepona.

Namulika mita: mia moja kumi na mbili.
Nafunua ukurasa wa nyuma, kwa Zschoche: mia moja na tisa.
Mwaka mzima, tofauti yao tatu.
Dari ya huyu ndiyo sakafu ya yule:
kama yupo aliyeonja uvuguvugu humu
kaupata kwa jirani, kupitia zege,
bila pasipoti.

Kikulacho ki nguoni mwako. Haya, tupekue nguo.
Mwenye nyumba ni mfuko wa uwekezaji.
Mfuko ni wa kampuni, kampuni ni ya kampuni,
na ya mwisho ni sanduku la barua huko Luksemburgi,
bati lenye upana wa kiganja,
halili, halizeeki, halisikii baridi.
Niliulizia zaidi. Heri ningeacha.
Mle mfukoni wamo walimu wastaafu wa Denmark,
wamo wauguzi wa Ubelgiji,
na nimo mimi: yuro arobaini kila mwezi, akiba ya uzeeni.
Zschoche akitetemeka, napata senti.

Jumamosi mgombea alisimama sokoni.
Alitaja mpaka mara kumi na nne;
nilihesabu, ni maradhi ya kazi.
Ulikuwa mpaka wa waya na mbwa.
Ule mwingine, unaovukwa na kodi yetu kila tarehe mosi,
usiku, bila hata hodi, hakuugusa.
Watu walipiga makofi wakiwa na glavu:
mlio wake kama mazulia yanayokung'utwa.

Bibi yangu aliingia mji huu na mkokoteni
kutoka Silesia, baridi ya arobaini na tano.
Walimwita hao. Mtu mmoja, kwa wingi.
Sikumwambia hayo Zschoche. Nilikuwa na haraka.
Hiyo nayo ni njia ya kupiga kura.

Ngazini nikafungua kikompyuta cha kampuni.
Pana nafasi ya Maelezo. Nikaandika:
Ghorofa ya tano na ya sita, baridi ni moja.
Kikalia. Ingiza tarakimu tu.

Nikaingiza. Mia moja na tisa. Mia moja kumi na mbili.
Vidole vilikuwa vinanitetemeka,
nami nilivaa vizuri.